Kipimo cha Boriti

Ukilala chali katika chumba cha ndani cha nyumba ya kale ya Mkomani, mjini Lamu, macho yanakwenda moja kwa moja kwenye boriti. Ni miti ya mkoko iliyopangwa sambamba juu ya kichwa, mingine ingali na rangi nyekundu iliyopakwa na watu ambao majina yao yamekwisha kusahaulika, nayo imebeba dari nzito ya mawe na chokaa. Mwenye nyumba alinishikia ncha ya utepe, nikapima kutoka ukuta hadi ukuta. Haikufika mita 3. Tukapima chumba kinachofuata, tukapata karibu kipimo kilekile. Akacheka, akaniambia kwamba hata nikizunguka mtaa mzima nitarudi na jibu hilohilo.

Sababu ni mti wenyewe. Mkoko hutoa mti mgumu, ulionyooka, usioliwa na mchwa kwa urahisi, lakini urefu wake unaofaa kubeba sakafu ya mawe una mwisho: mita 2 na nusu, mita 3 kwa shida. Ukizidisha, unapinda. Kwa hiyo waashi wa Lamu hawakuwa na hiari ya kujenga ukumbi mpana. Hiari yao ilikuwa katika urefu. Wakajenga vyumba virefu, vyembamba, wakavipanga kimoja nyuma ya kingine kuanzia kiwanda, ule ua wa ndani ulio wazi juu: msana wa tini, msana wa yuu, halafu ndani. Kadiri unavyoingia, sakafu inapanda kidogo na mwanga unapungua. Ule utulivu ambao wageni huufuata kwa kamera ulianza na urefu wa mti. Na miti hiyohiyo ilipakiwa majahazini kwa karne nyingi, ikaenda na kusi hadi Ghuba. Nyumba za kale za Kuwait na Bahrain, ambako miti ya kujengea ni adimu, nazo zikawa na vyumba vyembamba kwa sababu ileile. Mti mmoja wa matopeni umechora nyumba za watu wasiojuana, pande mbili za bahari.

Nilikwenda Lamu kwa sababu ya swali. Mimi hufundisha kuchora huko Mombasa, na vijana wangu huniuliza kila mara: mwalimu, mawazo yanatoka wapi? Wengi wao huyatafuta kwenye simu. Wanapekua picha usiku kucha, na wakija darasani kazi zao zinafanana na za vijana wa mji mwingine wowote duniani wanaopekua picha zilezile. Siwalaumu, simu iko mkononi na picha zake ni nzuri. Lakini nilitaka kuwapa jibu lenye uzito kuliko lile la siku zote, kwamba watazame mazingira yao. Mtu anaweza kuutazama mtaa wake tangu utotoni asione kitu cha kuchora. Anahitaji kuambiwa atazame nini ndani ya anachokiona. Nilijua kwamba Lamu, mji uliokaliwa bila kukatika kwa zaidi ya miaka 700, umejaa watu wanaotengeneza vitu vizuri kila siku bila kujiita wasanii. Nikataka kuwauliza wao.

Basi la alfajiri kutoka Mombasa hupita Malindi, Garsen na Witu, likisimama kwenye vizuizi vya polisi ambako abiria hushuka na vitambulisho mkononi. Baada ya Witu nchi inatandaa tambarare, ng'ombe wakigawana madimbwi na ndege weupe. Barabara inaishia Mokowe. Hapo kuna gati, wachukuzi, kelele za manahodha wanaoitana, na kutoka hapo safari ni ya maji.

Katika mji wa kale hakuna magari. Njia ni nyembamba, kuta ni ndefu, na kivuli kinakaa chini karibu mchana kutwa. Mtu akisikia kwato nyuma yake anajibana ukutani, punda anapita na mzigo wa matofali au magunia ya saruji, maisha yanaendelea. Mbele ya milango mingi kuna daka, kibaraza chenye viti vya mawe pande mbili, ambapo mgeni hupokewa bila kuingizwa ndani. Ni nusu ya nyumba na nusu ya njia. Nilipenda kukaa hapo na daftari langu, na hapo ndipo nilipomkuta mzee anayeshona kofia.

"Ndoo, mwanangu, kaa kitako," aliniambia alipoona nasitasita. Nikamwamkia shikamoo, nikakaa.

Alikuwa na kitambaa cheupe kilichochorwa kwa penseli, sindano nyembamba, na uzi mweupe juu ya weupe. Kofia ile ya viua haikuwa na rangi. Pambo lake lote ni matundu madogo yaliyozungushiwa uzi na sehemu zilizoinuliwa kwa kujazwa nyuzi ndani, na kofia moja iliyoshonwa vizuri kwa mkono huchukua miezi. Nilimuuliza mapambo yale ameyatoa wapi. Nilitarajia aniambie habari ya babu yake, au Uarabuni, au maua ya mkungu.

"Hutoboa kwanda," akajibu bila kuinua macho. "Kitwa sharuti kipumue. Viua vikisa kuwa vingi, vyataka kupangwa."

Nimelifikiria jibu hilo sana tangu siku ile. Hakuanza na uzuri. Alianza na joto la Lamu, na kichwa cha mtu anayekwenda msikitini mara tano kwa siku katika joto hilo. Tundu lilikuja kwa sababu ya hewa. Lakini tundu moja lisiposhonwa pembeni kitambaa kitachanika, kwa hiyo likashonwa. Na matundu mengi yaliyoshonwa yakawa yanaonekana. Na kinachoonekana mtu hawezi kukiacha ovyo ovyo. Mpangilio ukaingia, na pamoja na mpangilio yakaja mashindano, ladha, mitindo yenye majina, vijana wanaotambua kazi ya fulani kwa kuitazama kofia kutoka mbali. Sanaa nzima ilipita kwenye tundu la kupitishia hewa.

Turudi kwenye chumba kile cha ndani, kwa sababu ndicho kilichonifundisha zaidi. Ukuta wake wa mwisho una zidaka: matundu ya mraba na ya tao yaliyochimbwa katika chokaa, safu juu ya safu, kutoka karibu na sakafu hadi chini ya boriti. Katika nyumba niliyolala, yale ya katikati ni makubwa na ya kandoni yanazidi kupungua, hivyo ukuta unaonekana umesogea nyuma, na chumba kilichofupishwa na boriti kinapata upana wa macho. Pale ambapo mti ulisema basi, mwashi aliomba msaada kwa kivuli. Msanifu Usam Ghaidan, ambaye kitabu chake juu ya mji huu kilitoka mwaka 1975, alizipima nyumba hizi na kuzichora kwa subira, na kazi ya watu wa aina yake ilisaidia dunia ielewe kwamba mji huu si magofu. Shirika la UNESCO liliuingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2001. Lakini kipimo kwenye karatasi hakikuambii jinsi kisu kinavyokwenda.

Hilo nililiona kwa bahati, nyumba ya tatu kutoka ile, ambako fundi alikuwa akifufua ukuta ulioliwa na unyevu. Chokaa ya Lamu ilitokana na matumbawe yaliyochomwa, na yeye bado anaipendelea kuliko saruji, kwa kuwa saruji huufunga ukuta usitoe maji yake ukaoza kwa ndani. Aliipaka kwa tabaka, akaisubiri. Akagusa kwa kidole. Akasubiri tena. Alipoona imefika pale anapopataka, isiwe laini ya kushika kisu wala ngumu ya kukikataa, alianza kukata haraka, mstari kwa mstari, kisu kikiwa kimeinama upande.

"Mbona umekiinamisha?" nikamuuliza.

Hakunijibu kwa maneno. Alizima taa ya umeme iliyokuwa ikining'inia. Chumba kikabaki na mwanga wa mlango tu, ule unaotoka kiwandani na kufika ndani ukiwa umechoka. Mistari aliyokwisha kuikata ikajitokeza, kila mmoja na kivuli chake chembamba. Alipoiwasha taa tena, pambo lilififia. Kumbe kazi yote ile ilikuwa imepimwa kwa mwanga mchache. Waliobuni zidaka hawakuwa na taa ya kupambana nayo; walikuwa na mwanga wa pembeni, mnyonge, unaoingia saa za mchana, wakauchongea ukuta unaoustahili. Na ile chokaa inayokauka wakati fundi hajamaliza ndiyo iliyoamua mapambo yawe ya mikato mifupi, inayorudiwarudiwa, ambayo mkono unaijua bila kufikiri. Nilikaa hapo mpaka adhuhuri. Nilichora ukuta mmoja mara nyingi, taa ikiwa imezimwa.

Katika zidaka hizo, zamani, viliwekwa vitabu, vyombo vya manukato, na sahani za Kichina zilizofika na biashara ya bahari. Sahani huvunjika. Vigae vyake vimetapakaa katika visiwa hivi, Pate, Manda na kwingineko, mvua ikinyesha vinachomoza mchangani na maji ya bahari yakipwa vinang'aa ufuoni. Masonara wa Lamu huviokota vigae hivyo na kuvizungushia fedha vikawa pete na vidani. Kuchimbua magofu ni kosa la sheria na linatuibia sote historia. Lakini kile kilichotupwa na mawimbi, sonara anakipa maisha ya pili. Nilimtazama mmoja akichagua. Alikuwa na bakuli la vigae, vingi vya rangi ya buluu na nyeupe, akawa anavigeuza kimoja kimoja chini ya dirisha. Nilidhani angetafuta kile chenye ua zima. Alichagua chenye nusu ya jani na mstari unaokatika ukingoni.

"Ua zima ni la aliyelichora," alisema. "Hili lililovunjika ni langu mimi."

Akakifuata kigae kwa fedha, kila kona yake, bila kukikata kiwe mviringo. Pete ikapata umbo ambalo hakuna mtu angeliwaza: limetoka kwa mchoraji wa China asiyejulikana, kwa mkono wa mtumishi au mtoto aliyeiangusha sahani, na kwa bahari iliyolainisha makali. Sonara alimaliza tu.

Lamu imewahi kuwa na mtu aliyekusanya haya yote katika mikono miwili. Muhamadi Kijuma alizaliwa katikati ya karne ya 19 na akafariki mwaka 1945. Alichonga milango, na mtindo mmoja wa milango ya Lamu bado unaitwa kwa jina lake. Alitunga mashairi. Alinakili tendi za kale kwa hati ya Kiarabu, na nakala zake nyingi ziko London na Ujerumani, kwa kuwa wataalamu wa Kizungu waliokuja kutafuta ushairi wa Kiswahili, akina Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann, waliishia kwake. Alipiga kibangala, akatunga nyimbo za ngoma. Wasomi huweka kazi hizi katika mafungu: hapa mchongaji, pale mshairi, kule mwandishi wa hati. Mimi, baada ya kusimama mbele ya milango ya Mkomani, nadhani kwake yeye mafungu hayo hayakuwapo. Mchongaji wa mlango hujaza nafasi iliyofungwa na miimo miwili na kizingiti. Mtunzi hujaza mizani iliyofungwa na vina. Mwandishi hujaza mstari. Aliishi katika mji ambao kila kitu kimepimwa kwa boriti, na akajifunza kuifurahia mipaka. Ninaamini hivyo, na nimewaambia wanafunzi wangu hivyo, ingawa najua wapo watakaonipinga.

Matondoni iko upande wa pili wa kisiwa, mwendo wa saa mbili hivi kwa miguu ukipita kwenye minazi na mashamba ya maembe. Ndicho kijiji cha waunda vyombo. Unasikia tezo kabla ya kuona nyumba. Ufuoni kulikuwa na mashua moja mpya iliyokaa juu ya magogo, mbao zake bado nyekundu, na jahazi kuukuu lililovutwa nchi kavu ili litiwe kalafati upya. Vijana walikuwa wakishindilia pamba kwenye maungio kwa nyundo na patasi butu. Wengine wawili walipaka deheni, mafuta ya kukinga mbao, pale chini maji yatakapofika. Harufu ya mafuta ya papa ilikuwa imekaa juu ya kila kitu, hata juu ya chai tuliyokunywa.

Fundi mkuu hakuwa na mchoro. Nilimwuliza kama aliwahi kuwa nao, akaonekana hajaelewa kwa nini mtu auhitaji. Aliniongoza nyuma ya banda mahali palipolundikwa matawi na mashina yaliyopinda, ambayo mimi ningeyadhani ni kuni.

"Haya ni mataruma," akasema.

Taruma ni ubavu wa chombo, ule mti uliopinda unaoshika mbao kwa ndani. Ukiuchonga mpindo huo kutoka kwenye mti ulionyooka, nyuzi za mti zinakatika na ubavu ni dhaifu. Kwa hiyo fundi huenda porini na mikokoni kutafuta mti ambao umepinda wenyewe, kwa upepo au kwa kulitafuta jua, mpindo uleule anaouhitaji. "Hutezama mti kwanda," aliniambia. "Kisa ndipo nikashika tezo." Alinyoosha mkono kuelekea mwembe uliosimama kando ya msikiti, akanionyesha kwa kidole tawi moja, akaniambia litafaa karibu na omo, mbele ya chombo, si mwaka huu. Analijua tawi hilo tangu lilipokuwa jembamba. Anapokwenda kuswali analitazama. Anaporudi analitazama.

Hapo ndipo nilipopata jibu nililolifuata. Fundi yule hapiti njiani akingoja kitu kimvutie. Anapita njiani akiwa na chombo kichwani, chombo chenye mahitaji: ubavu wa hapa, ubavu wa pale, mpindo wa kiasi hiki. Kwa kuwa anajua anachohitaji, kijiji kizima kimejaa mataruma. Mwanafunzi wangu anayesema hakuna cha kuchora mtaani kwao hana upungufu wa mtaa. Hana kazi anayoitafutia vipande. Akiwa nayo, hata uzio wa mabati utamwita.

Wanawake wa Matondoni walikuwa wamekaa kwenye kivuli wakisuka ukili kwa miyaa iliyotiwa rangi: zambarau, kijani, na rangi ya waridi kali ambayo sikuitegemea. Nilimwuliza mmoja, mama wa makamo aliyekuwa akisuka huku akimkaripia mjukuu, jinsi anavyojua rangi ipi ifuate. Alisema mkeka hushonwa kwa ukili mwingi uliounganishwa pembeni, kwa hiyo pambo usilolimaliza katika ukili huu lazima likutane na mwenzake katika ukili unaofuata, na mtu akikosea hesabu, mkeka mzima utamsema. "Basi huhesabu na kuimba," akasema. Hakuniimbia. Mjukuu alikuwa amekwisha kuichukua kalamu yangu.

Kwenye omo la lile jahazi kuukuu kulikuwa na mato yake, yale macho mawili ya mbao yaliyochongwa na kupakwa rangi, moja kila upande. Mitepe, vyombo vya kushonwa kwa kamba ambavyo visiwa hivi viliunda mpaka vikatoweka mwanzoni mwa karne ya 20, navyo vilikuwa na macho. Vijana wa kalafati waliyaosha kwanza kabla ya kugusa sehemu nyingine. Wala hawakusema kwa nini, nami nikaona si mahali pangu kuuliza.

Tanga la jahazi hilo lilikuwa limekwisha. Tanga likichoka haliendi jalalani. Mjini Lamu wapo wachoraji wanaoyanunua matanga makuukuu, wakayachora maneno na michoro juu yake, au wakayashona yakawa mifuko. Nilikwenda kwenye duka moja la namna hiyo. Kitambaa kilikuwa na viraka vya nahodha, mishono mikubwa ya mkono, madoa ya kutu palipokuwa na pete za chuma, na sehemu iliyofifia mstari mrefu kwa sababu ilikuwa ikikunjwa hapo kila siku. Kazi nzuri kuliko zote dukani ilikuwa ile ambayo mchoraji aliviacha viraka vionekane na kupanga herufi zake kuvizunguka. Kazi dhaifu ilikuwa ile iliyovifunika kwa rangi ili ionekane mpya. Nasema hivi bila kuwadharau. Wana watoto wa kusomesha, na wageni wengi hununua mchoro wa moyo mwekundu kuliko kiraka. Hata katika kijiji cha Shela, ambako wachoraji wa kigeni na wa Kenya hukutana mara kwa mara kuchora nje, nimeona picha nyingi za punda na milango ambazo zingeweza kuchorwa na mtu aliyepita saa moja. Na nimeona chache ambazo mchoraji alikaa na dari, na chokaa, na mwanga wa pembeni. Tofauti yake unaijua ukiwa mlangoni.

Vifaa vya karibu hubadilika. Februari mwaka 2018 serikali ya Kenya ilisimamisha kwa muda ukataji wa miti misituni, na mikoko ikaingia humo. Kwa Lamu, yenye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, wakataji walipoteza riziki ghafla. Sababu za kuilinda mikoko ni za kweli: ndiyo kitalu cha samaki na ngao ya pwani. Lakini mji unaopimwa kwa boriti hauwezi kuishi bila boriti, na wazee niliozungumza nao wangependa kukata kwa kiasi na kupanda tena, wanavyosema walivyofanya siku zote. Nami niko upande wao.

Na kile kinachojaa ufuoni siku hizi ni plastiki. Mwaka huohuo wa 2018, mwezi Septemba, lilishushwa majini hapo Lamu dau la aina mpya lenye urefu wa mita 9, Flipflopi, lililoundwa kwa takribani tani 10 za plastiki iliyokusanywa na kuyeyushwa, na kufunikwa kwa kandambili 30,000 za kila rangi. Mwaka 2019 lilisafiri hadi Unguja, karibu kilomita 500. Aliyeongoza kazi ya kuliunda ni Ali Skanda, fundi wa Lamu. Walimwengu walishangilia rangi, na rangi zinafaa kushangiliwa. Mimi kilichonigusa ni kwamba mbao zile za plastiki zilikatwa, zikarandwa na kuungwa na watu waliolelewa kwenye ufundi wa mashua. Hawakungoja mbambakofi. Waliukuta ufuo wao umejaa kitu kibaya, wakakiuliza swali lilelile wanalouliza mti: unapinda vipi, unabeba kiasi gani, unavunjikia wapi? Plastiki haina nyuzi, haina mpindo wa kuzaliwa nao. Ilibidi wajifunze upya, wakajifunza.

Niliporudi Mombasa sikuwapa wanafunzi picha za Lamu. Niliwaambia kila mmoja alete kutoka kwao kitu kimoja kinachoweka mpaka, kitu kinachopima, na achore pale mpaka ulipogusa umbo. Mmoja alileta leso ya mama yake na kuonyesha jinsi pindo linavyoamua mahali pa jina na ukubwa wa mji wa katikati. Mwingine alichora mkokoteni wa jirani, ambao upana wake umetokana na kichochoro cha nyumbani kwao. Kazi nyingine zilikuwa za haraka, nikazirudisha.

Msichana mmoja, mkimya, alileta gorogoro, lile kopo la mafuta ya kupikia la kilo 2 ambalo wauzaji hupimia mahindi na maharagwe. Alikuwa amelinunua kwa muuzaji wa soko la Kongowea. Aliligeuza juu chini mbele ya darasa. Kitako chake kilikuwa kimebonyezwa kwa ndani, kwa nyundo, ili kipokee nafaka kidogo kuliko inavyoonekana. Alikuwa amechora mbonyeo huo peke yake, ukubwa wa ukurasa mzima, kwa vivuli vya penseli, mpaka ukawa bonde lenye kingo. Pembeni yake alichora mingine minne aliyoiona sokoni. Hakuna iliyofanana. Kila muuzaji, alieleza, ana namna yake ya kupiga, na mama yake anamtambua muuzaji kwa kitako cha kopo lake hata kabla ya kuuona uso wake.

Sasa anataka kuichonga yote kwenye mbao na kuichapa kwenye kitambaa, pambo la kurudiwarudiwa. Ameanza kuandamana na mama yake sokoni kila Jumamosi ili aone makopo zaidi. Wauzaji wameshaanza kumshuku, naye amejifunza kuchora akiwa amesimama, daftari ndani ya kikapu, huku mama akivuta mazungumzo ya bei.